Kilomita za Mume Wangu

Kila Ijumaa asubuhi simu yangu hulia mlio mmoja mfupi, na mlio huo ulikaribia kunivunjia nyumba.

Ni ujumbe wa kodi. Serikali iliondoa kodi kwenye mafuta, ikasema kuanzia sasa mwenye gari atalipa kwa mwendo: ukitembea sana unalipa sana, ukililaza gari unalala na pesa yako. Wakalifungia kila gari kisanduku cheusi chini ya usukani, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya mche. Maneno yaliyosemwa mtaani juu ya kisanduku kile hayana idadi. Wengine walidai kinasikiliza mazungumzo, wengine wakasema kinapiga picha, na jirani yetu wa duka la vioo alikivalisha cha kwake soksi ili kisimwone. Fundi aliyetufungia sisi alicheka. "Mama," akaniambia, "hiki hakijui mnakwenda wapi wala na nani. Kinajua umbali tu."

Laiti kingejua na mahali! Umwambie mwanamke kwamba mumewe ametembea mbali, halafu usimwambie ni wapi. Hapo umempa kazi ya kuwaza mchana kutwa.

Mimi ni dobi. Watu wananiita Mama Wanga, kwa sababu kola niliyoitia wanga husimama hata kama shati halina mtu. Tunafua mashuka ya nyumba za wageni na ya zahanati moja, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye pasi ikiwa mkononi mwake mdomo nao haupoi. Mume wangu ndiye anayepeleka safi na kuleta chafu. Gari letu ni kibasi kikuukuu tulichong'oa viti vya nyuma ili mafurushi yapate pa kulala. Limeandikishwa kwa jina langu na kwa namba yangu ya simu, maana mume wangu na mambo ya namba za siri hawajawahi kupatana. Anachopatana nacho ni usukani. Ameushika tangu hajaota ndevu, na katika miaka yote hiyo hajagonga hata kuku. Ukitaka kumtukana tusi asilolisahau, mwambie akae kiti cha abiria.

Njia yake naijua. Zamani tulikuwa tunakwenda wote, mimi nikishusha mafurushi, yeye akipiga honi na kutaniana na walinzi wa mageti. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza ulipoingia nilidhani wamekosea gari. Wa pili ukaja, wa tatu ukaja. Kilomita zilikuwa karibu maradufu ya zile ninazozijua mimi, na kila Ijumaa ziliongezeka.

Enzi za kodi ya mafuta wanaume walikuwa na pa kujifichia. Petroli ikiisha kabla ya wakati, anakwambia injini imezeeka, inakunywa. Nani atabishana na injini? Lakini gurudumu halinywi. Gurudumu likizunguka, limekwenda mahali.

Nikamwuliza. "Baba Watoto, hizi kilomita mbona nyingi hivi?"

"Kidude chao kibovu hicho," akasema. "Vitu vya bure hivyo."

"Hakikuwa cha bure. Tulikilipia."

"Basi tumepigwa."

Akageuza uso, akawa kama anaongea na mtu aliyesimama pembeni yangu. Ndipo nilipogundua jambo ambalo lilikuwa limeanza zamani kidogo: mume wangu alikuwa haniangalii tena. Nikiongea naye, uso unakwenda kushoto. Nikimwekea chai, anashukuru mlango. Mama yangu alikuwa akisema mtu anayekukwepa macho ana deni lako, na mimi sikumkopesha mume wangu kitu isipokuwa ujana wangu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yangu. Nikaanza kuyakagua mashati yake kabla hayajagusa maji. Niliyanusa kama mbwa wa polisi. Hapakuwa na manukato, hapakuwa na unywele, wala poda, wala rangi ya mdomo. Nilikaribia kumshukuru Mungu, mpaka nilipofika kwenye kola.

Kola ya mwanamume huchafuka nyuma, shingoni, pande zote sawasawa. Dobi yeyote anajua. Ya mume wangu ilikuwa imechafuka upande mmoja tu, upande wa kushoto mbele, imekolea na kulegea, na upande wa kulia ungeweza kuuvaa kwenda nao harusini. Nikachukua shati jingine, vilevile. Nikachukua la juzi, vilevile. Nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa na kuwaza. Dereva anakaa kulia. Kiti cha abiria kiko kushoto. Na kitu gani kinakaa kiti cha abiria kikaweza kuchafua kola ya dereva upande wa kushoto, kama si kichwa cha mtu aliyelazwa begani?

"Labda anajikuna," alisema wifi yangu nilipomwonyesha.

"Ajikune upande mmoja siku zote hizi?"

"Wifi, sikiliza. Kaka yangu namjua. Yule hawezi kumsalimia mwanamke bila kumwuliza bei ya tairi. Hata wewe alikupataje mpaka leo nashangaa."

"Alinipa lifti."

"Haya basi," akasema, akairudia pasi yake, na mimi nikajuta kulisema.

Wifi ndiye aliyetoa shauri kwamba tukipime kisanduku kabla ya kumpima mtu. Tukamwita yule fundi siku mume wangu alipokwenda kwenye mazishi ya rafiki yake kwa gari la wenzake. Fundi akalipeleka gari kwenye barabara kuu yenye nguzo za kilomita, mimi nimekaa pembeni yake nimekodoa macho, na kila tulipopita nguzo kisanduku nacho kiliongeza moja, bila ya kupunja wala kuzidisha. Alipolizima gari alinitazama kwa huruma ambayo sikumwomba.

"Mama, kisanduku kizima," alisema. "Kama kuna kibovu, si hiki."

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa hivyo. Ya mume wangu ilikuwa ndefu na inazidi kurefuka. Nikaapa moyoni kwamba nikipata hakika, ufunguo wa gari utabaki kwangu, nitatafuta dereva wa mshahara, na yeye achukue begi lake aende kwa huyo wa kilomita. Niliapa huku nikijua namaanisha, na hilo ndilo lililonitisha. Watoto wameshaoa na kuolewa, nyumba imebaki ya watu wawili. Akitoka mmoja, anayebaki atakunja mashuka na nani?

Maana shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Kila jioni, kabla giza halijaingia, mimi na mume wangu husimama uani, kila mmoja ameshika ncha mbili. Tunavuta, tunapiga, tunakunja, halafu tunasogeleana mpaka vidole vinagusana, nami napokea ncha zake. Tumefanya hivyo tangu tuna beseni moja. Tukigombana tunakunja, tukipatana tunakunja. Lakini siku zile hata kukunja kulikuwa kumeharibika. Alikuwa anapapasa ncha, anashika katikati ya shuka akidhani ni pembeni, tukisogeleana mikono yake inapita kando ya mikono yangu. Nikasema moyoni, tazama, mwenye hatia hata shuka linamkataa.

Jioni ya siku ileile ya fundi, tulipokutana na ncha zetu mkononi, sikuzipokea.

"Kisanduku ni kizima," nilisema. "Nimekipimisha."

Akazipapasa ncha za shuka.

"Unakwenda wapi na gari langu?"

"Kazini."

"Niangalie usoni ujibu."

Akageuza uso wake kushoto kabisa, akaukabili ukuta wenye kamba za nguo. "Nakuangalia," akasema.

Kofi nilikuwa nalo mkononi. Mtu anatazama ukuta halafu anakwambia anakuangalia! Nilimwambia maneno ambayo wifi yangu, aliyekuwa ndani, aliamua kuyafungia dirisha. Nilimwambia kuhusu kola, kuhusu kiti cha abiria, kuhusu begi lake. Nilipolitaja begi alitulia kama mtu anayepiga hesabu ndefu kichwani. Kisha akasema, taratibu, "Ndiyo. Kuna mtu."

Nilikuwa nimelitafuta neno hilo kwa wiki nyingi, na nilipolipata nilitamani kulirudisha. Shuka likaanguka chini, safi, kwenye vumbi, na hakuna aliyeinama kuliokota.

"Nani?"

"Humjui."

"Anakaa wapi?"

"Huko mbele. Kupita karakana ya mbao."

"Anafananaje?"

Akafikiri. "Kama watu wengine."

"Mnene, mwembamba?"

"Wa kati."

"Mrefu, mfupi?"

"Wa kati pia."

"Mweupe, mweusi?"

"Mama, ni wa kati tu."

Niliumia, sitaki kuficha. Niliumia kwa kuambiwa, nikaumia tena kwa kuambiwa hovyo namna ile. Mwanamume anayeacha mke kwa ajili ya mwanamke angalau aweze kumsimulia. Na katikati ya maumivu kitu kidogo kikanichoma: huyu mtu anasema uongo, sasa uongo wake ni upi? Alipokana nilidhani anadanganya. Alipokiri, nikadhani hivyohivyo. Wifi yangu alinishauri nimwachie Mungu. Nikamwambia Mungu namwachia, ila kwanza nikamwone huyo wa kati.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mume wangu alipokwenda kunawa, nilifungua mlango wa nyuma wa gari nikaingia. Nilijikunyata nyuma ya kiti cha dereva kati ya magunia ya mashuka machafu ya zahanati ambayo hayajashushwa tangu asubuhi, mtu mzima na heshima zangu, na harufu ya dawa inanikaba. Muda si muda mlango ukafunguliwa. Alikuwa amesimama pale na mifuko mitupu mikononi, jua liko mgongoni kwake, na macho yake yamenielekea mimi moja kwa moja. Nilikwisha. Nikafungua mdomo nianze mimi kabla hajaanza yeye. Lakini hakusema kitu. Aliitupa mifuko ndani, mmoja ukaniangukia kichwani, akafunga mlango.

Nikabaki na mfuko kichwani, nimeduwaa. Anajifanya hajaniona? Ananichezea? Au amenidharau kiasi kwamba hata kunikuta guniani hakumshughulishi? Gari likawaka.

Alikwenda nyumba ya wageni ya kwanza, akachukua furushi. Akaenda ya pili, akachukua. Alipaswa kukata kulia aelekee zahanati, akakata kushoto. Kushoto ndiko iliko karakana ya mbao. Tukaipita. Niliisikia misumeno yake. Nikajiandaa, nikavua viatu, maana sikutaka kupigana nimevaa viatu vyenye visigino.

Gari halikusimama. Lilizunguka, likarudi tulikotoka, polepole, na mume wangu akaanza kuongea.

"Duka la vioo. Ukutani. Tuta. Sasa nyooka, nyooka, nyooka. Shimo, kaa kulia. Tuta la pili. Geti. Hapa wanavuka watoto, kanyaga."

Nikadhani yuko kwenye simu. Nikachungulia kati ya magunia: simu haikuwapo, mikono yote miwili iko kwenye usukani. Kiti cha abiria kilikuwa na chupa ya maji tu.

Alifika mwisho wa barabara, akageuza, akaanza tena. "Duka la vioo. Ukutani. Tuta. Nyooka, nyooka." Maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kama mtoto anayekariri somo kabla ya mtihani. Mara ya tatu nikaacha kumsikiliza, nikamtazama. Alikuwa haitazami barabara. Kichwa chake chote kilikuwa kimegeukia kushoto, kidevu kimekanyaga kola, na kila mara gari liliporuka kwenye tuta kidevu kiliisugua kola palepale, upande uleule. Barabara alikuwa anaichungulia kwa pembe ya jicho la kulia.

Hapakuwa na kichwa cha mtu begani kwake. Kichwa kilikuwa chake mwenyewe.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa na macho yangu mawili mazima na nilitazama kola wiki zote zile bila kuiona shingo. Sijui ningefanya nini. Nadhani ningekaa kimya mpaka nyumbani, nilie vizuri kwanza. Lakini mbele yetu, baada ya tuta la kwanza, mahali ambapo mume wangu alikuwa anasema "nyooka, nyooka," palikuwa na mkokoteni wa mkaa, na mwenye mkokoteni amechuchumaa katikati ya njia anafunga gurudumu lililochomoka.

"Nyooka," alisema mume wangu, akaongeza mafuta.

"Simama!" nilipiga kelele. "Mtu! Kuna mtu mbele!"

Gari lililia. Mafurushi yakanimwagikia, nikagonga paji la uso kwenye kiti. Lilipotulia nilijivuta nikatazama kupitia kioo cha mbele. Mwenye mkokoteni alikuwa ameinuka, mikono juu, na bampa letu lilikuwa limegusa gunia lake la mkaa.

"Mzee!" alifoka. "Huoni? Kipofu wewe?"

Ni tusi la kila siku, madereva hutupiana hilo kama salamu. Mume wangu siku zote hulijibu kwa tusi bora zaidi. Safari hii aliteremsha kioo, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu," akazima gari.

Yule mtu alisukuma mkokoteni wake pembeni huku akinung'unika. Mume wangu hakugeuka.

"Umeingia saa ngapi humo?" akauliza.

"Ulinitazama ulipofungua mlango."

"Niliona magunia."

Nikapita katikati ya mafurushi, nikakaa kiti cha abiria, paji la uso linaniuma. "Tangu lini?"

"Katikati ndiko kunazima," alisema. "Pembeni bado naona. Nikikitazama kitu kinatoweka, nikitazama kando yake kinarudi. Daktari wa zahanati alisema hakuna dawa, akasema niache kuendesha. Nikaona, barabara ni moja, nyumba ni zilezile, nikiikariri yote kabla haijazima kabisa nitaendelea kidogo. Hata mwaka." Akaushika usukani kwa mikono miwili. "Sikujua kama kisanduku kitakusemea."

"Na yule mwanamke?"

"Yupi?"

"Wa kati!"

Alicheka kidogo, cheko lililokosa pa kwenda. "Ulikuwa umeshikilia sana. Nilijua hutaacha mpaka upate kitu. Nikakupa hicho."

"Ulikubali nikufukuze nyumbani?"

"Mwanamke ungenisamehe, mama. Ungepiga kelele mwezi mzima, watoto wangekuja, wangetusuluhisha, mambo yangekwisha. Lakini macho..." Akachomoa ufunguo, akaushika kiganjani. "Macho ungenihurumia, halafu ungenichukulia huu."

Kule nje mwenye mkokoteni alikuwa ameliweka gurudumu lake sawa na anaondoka, anatembea, mzima. Nilimfuata kwa macho mpaka akapinda kona. Kisha nikanyoosha mkono, na mume wangu, baada ya kuupapasa, akaweka ufunguo ndani yake.

Nilimpigia simu wifi. Alikuja na yule jirani wa soksi, ambaye alituendesha mpaka nyumbani akiongea njia nzima juu ya serikali na siri zake. Mume wangu alikaa kiti cha abiria. Hakuna aliyemtukana.

Jioni shuka lililoanguka jana yake lilikuwa limefuliwa upya, na lilitaka kukunjwa. Nilimwekea ncha mbili mikononi, nikarudi nyuma na zangu. Tukavuta, tukapiga, tukakunja, tukasogeleana. Safari hii nilimfuata mimi, nikaitafuta mikono yake mpaka nikaipata.

"Niangalie," nikamwambia.

Akageuza uso wake kushoto, kuelekea ukutani, akatulia hivyo kwa muda mrefu, ncha za shuka ziko vidoleni mwake.

"Paji lako limevimba," akasema.